Pini Nne na Kipande cha Kioo

Mwalimu ameinama hadi kidevu kinakaribia kugusa meza, amefumba jicho la kushoto, na hasemi neno. Mbele yake kuna karatasi nyeupe juu ya ubao laini, kipande kinene cha kioo, na pini mbili zilizochomekwa ng'ambo ya kioo hicho. Anazitazama kupitia kioo. Anachukua pini ya tatu, anaisogeza kulia kidogo, anairudisha, na anapoichomeka, zile mbili zimejificha nyuma yake barabara. Ya nne inafuata. Wanafunzi waliozunguka meza wanapiga miayo. Shauri yao, mimi sijaona mkono wa namna hiyo kwa miaka mingi.

Tuliopita darasa la fizikia tunalikumbuka zoezi hili la kupima jinsi mwanga unavyopinda, na wengi wetu tulililipua. Fundi hutambulika kwa mambo madogo ambayo vitabu huyaruka. Hatazami vichwa vya pini. Hutazama miguu yake, pale inapozama kwenye karatasi, maana pini ikiinama kidogo tu, kichwa hudanganya. Hazibananishi, baina ya moja na nyingine huacha upana wa vidole vinne au zaidi, kwa sababu pini zikikaribiana, kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa la mstari. Penseli yake imechongwa ikachongoka. Kioo kinafutwa alama za vidole kabla hakijatua, na kikishatua hakiguswi tena. Kisha kioo kinaondolewa, vitundu vinavyobaki vinaunganishwa kwa rula, na hapo unaona mstari ulivyopinda ulipoingia, ukapinda tena ulipotoka, ukaendelea sambamba na njia yake ya mwanzo. Mwanga umepunguzwa mwendo: hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya kioo kama hicho 200,000 hivi.

Mwalimu huyu haishii kwenye kioo. Amegundisha vipande vya kioo cha dirisha kwa silikoni akapata kijisanduku, humo anatia maji, halafu mafuta ya kula, na pini zinaanza upya. Kuta nyembamba za kijisanduku hazivurugi hesabu, kwa kuwa nyuso za kila ukuta ziko sambamba. Ukigawa mwendo wa mwanga hewani kwa mwendo wake ndani ya kitu, maji huleta 1.33, mafuta kama 1.47, kioo kama 1.5. Kisha akatumbukiza ndani ya mafuta kijiti cha kukorogea, kile cha kioo cha maabara. Sehemu iliyozama ikafifia hata ikakaribia kutoweka, kwani kioo cha aina hiyo na mafuta hupinda mwanga kwa karibu kiasi kimoja, na mwanga unaovuka bila kupinda hauachi alama ya mpaka. Miayo ilikoma. (Wavuvi wa mkuki hawakungoja maabara: samaki huonekana juu kuliko alipo, kwa hiyo hulengwa chini yake.)

Kazi hii ni kongwe. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, alipima mwanga ukitoka hewani kuingia majini, hewani kuingia kiooni, na majini kuingia kiooni. Vipimo vyake vya maji vimebaki: mwanga ukiingia kwa nyuzi 10 kutoka mstari wa wima, ndani ya maji alipata 8, kwa 20 akapata 15.5, kwa 30 akapata 22.5, na kila hatua ikapungua nusu nyuzi hadi 80, alikoandika 50. Ni nadhifu mno. Kwa nyuzi 60 yuko sawasawa. Kwa 80 jibu sahihi halifiki hata 48. Inaelekea alizinyoosha namba zake zifuate mpango alioupenda. Kanuni sahihi ya kupinda kwa mwanga aliiandika Ibn Sahl huko Baghdad yapata mwaka 984, ingawa shuleni tunaipa jina la Snell, Mholanzi wa 1621.

Basi kupika majibu hakukuanza na watoto wetu. Ila Ptolemy alipika baada ya kupima. Siku hizi mwanafunzi anajua tangu mwanzo kwamba jibu ni 1.5, anaanzia hapo na kurudi kinyumenyume, kisha anachora vitundu vya pini ambazo hakuzichomeka. Wengine huoneshwa zoezi kwenye simu, ambako pini hujipanga zenyewe na kioo hakishiki vumbi. Jicho lililozoea hivyo halijui uchungu wa kukosa kwa upana wa unywele. Vipande vya kioo vyenyewe, katika shule nyingi, hutoka kabatini mtihani unapobisha hodi. Mimi ningempa alama nyingi aliyepata 1.46 kwa macho yake kuliko aliyeniletea 1.50 iliyotakata.

Walimu wa fizikia, nawaombeni jambo moja: msimtajie mwanafunzi jibu kabla hajachomeka pini ya nne.