Nyumba Bubu: Taharuki na Ukweli katika Filamu ya La casa muda kwa Mtazamo wa Karatu

La casa muda (2010), yaani nyumba bubu, ni filamu ya Kihispania iliyoongozwa na Gustavo Hernández wa Uruguay kwa takriban dola 6,000 za Marekani. Uchache huo wa nyenzo ndio uliozaa mbinu yake. Kamera humfuata Laura, anayeigizwa na Florencia Colucci, tangu anapofika na baba yake kukarabati nyumba kuukuu ya shambani, na huonekana kutokatika hata mara moja. Filamu ilitangazwa kuwa ni picha moja mfululizo. Dai hilo linatia shaka, kwani kamera iliyotumika, Canon EOS 5D Mark II, haikuweza kurekodi zaidi ya dakika 12 hivi kwa mkupuo. Hata hivyo, maungio yaliyofichwa si kosa. Lenye uzito ni ahadi ambayo picha isiyokatika humpa mtazamaji: kwamba anaona anachokiona Laura, kwa wakati uleule.

Ahadi hiyo huvunjwa. Katika upeo hubainika kwamba muuaji ni Laura mwenyewe, na kiini chake ni unyonyaji wa kijinsia unaomhusisha baba yake na Néstor, mwenye nyumba. Kamera iliyokuwa begani mwake kwa zaidi ya saa moja haikudokeza kitu. Mateso ya mwanamke yanageuzwa kitendawili, na jibu linatolewa wakati hakuna tena nafasi ya kulitafakari. Onyesho moja tu linaikaribia kweli: taa imezimika, naye Laura anaangaza chumba kwa mmweko wa kamera ya picha. Chumba huonekana vipande vipande, giza likiingia katikati. Hapo filamu hukiri, pengine bila kukusudia, kwamba kumbukumbu ya aliyeumizwa haiendi mfululizo.

Udhaifu huo hujitokeza zaidi filamu inaposomwa kutoka Karatu, ambako nyumba na hofu vina historia nyingine. Nyumba ya asili ya Wairaqw, katika nyanda zinazopakana na msitu wa Ngorongoro, ilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo ili kujikinga na wavamizi wa mifugo. Ndani mna giza, lakini ni giza la hifadhi. Hatari iko nje. Tena, kwa desturi ya Wairaqw, kaya iliyopatwa na baadhi ya misiba, kifo kikiwamo, ilitengwa kwa muda, na majirani hawakuingia. Utengo huo uliwaelemea wafiwa, wala haufai kupambwa. Lakini ulitangaza hadharani kwamba ndani ya nyumba ile jambo limetokea.

Katika filamu ya Hernández hakuna jirani anayepita wala anayesita mlangoni. Wanaoijua siri ni walioitenda na aliyetendewa, na mtazamaji, ambaye angeweza kuwa shahidi, ameajiriwa kuogopa tu.