Ziwa Kivu halina parceli: kumsoma Hardin tukiwa Goma

Bandugu na badada wa asosiasyo, kuna maandishi moja ambayo kwa sisi wa agronomia ni vigumu kumaliza licence bila kukutana nayo. Ni ya Garrett Hardin, mwalimu wa biolojia wa Marekani, na yalitoka katika jarida la Science tarehe 13 Desemba 1968. Ni kurasa 6 tu. Kichwa chake tunaweza kukisema hivi: "Msiba wa mali ya wote". Wengi tunajua hitimisho lake kupitia silabusi, bila kufungua kurasa zenyewe: kitu cha wote kinakufa, basi kipewe mwenyewe.

Nataka leo tuyapime maandishi hayo hapa kwetu, kando ya Ziwa Kivu, juu hitimisho hilo sasa linatoka midomoni mwa watu wenye hawajawahi kusikia jina la Hardin. Uliza kwa nini vijana wanakatazwa kuloba na ndoano fashi fulani. Utajibiwa: "Mukiachiwa, mutamaliza samaki." Huyo ni Hardin anaongea, hata kama msemaji ni mlinzi wa geti.

Tuanze kwa kumtendea haki. Mfano wake ni malisho ya wote. Kila mchungaji anapoongeza ngombe mmoja, faida ya ngombe ni yake peke yake, lakini hasara ya majani inagawanywa na wote. Kwa hiyo kila mmoja anaongeza, mpaka malisho yanakwisha. Anataja na bahari katika hesabu hiyo. Kabla yake, mwaka 1954, mwanauchumi wa Kanada H. Scott Gordon alikuwa amefanya hesabu kama hiyo kwa samaki: fashi kila mtu anaingia bila kizuizi, mitumbwi inaongezeka mpaka faida yote inapotea. Hesabu hii si ya uongo. Mwenye ameona mustikeri, chandarua ya mbu, ikivutwa kando ya ziwa na kutoka imejaa vitoto vya samaki, anaelewa. Samaki mdogo ukimwachilia leo, mwingine atamkamata kesho. Basi kwa nini umwachilie?

Shida inaanza ukiangalia vizuri wale wachungaji wa Hardin. Hawaongei. Hawana mzee wa kijiji, hawana mkutano, hawana faini, hawana siku ya kufunga malisho. Hayo si malisho ya wote. Ni malisho yasiyo na mwenyewe, na hivi ni vitu viwili mbalimbali. Shamba la familia ni la wote katika familia, lakini jaribu kuingia na kungoa mihogo bila kuuliza mtu, utaona kama halina mwenyewe!

Hardin mwenyewe alikubali jambo hili. Mwaka 1998, katika jarida lilelile, aliandika kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kuacha neno moja: alipaswa kusema mali ya wote "isiyosimamiwa". Miaka 30 ilikuwa imepita. Maandishi ya 1968 yalikuwa yamekwisha kuzunguka dunia nzima bila hilo neno, na silabusi nyingi mpaka leo hazijalipokea.

Kuna na jambo la pili, na hili linaonekana wazi katika kurasa zenyewe. Anapoongea juu ya mbuga za taifa zinazojaa watu, Hardin hasemi kwamba dawa ni moja. Anatoa orodha: tunaweza kuziuza ziwe mali ya mtu binafsi, ao ziendelee kuwa za umma, lakini haki ya kuingia igawanywe, kwa pesa, kwa sifa za mtu, kwa kupiga kura ya bahati, ao kwa kupanga mstari, wa kwanza kufika aingie wa kwanza. Zote anaziona na kasoro, lakini anasema lazima tuchague. Wenye kumtumia kama shahidi wa ukuta wamechukua mstari mmoja wa orodha na kuacha mingine.

Na tusisahau ni nani anaandika. Mwaka 1974 mtu huyuhuyu alitetea kwamba nchi tajiri zisipeleke chakula cha msaada kwa nchi maskini. Hiyo haifanyi hesabu ya ngombe kuwa ya uongo. Lakini inatufundisha kuuliza kila mara: anaposema wengine wabaki inje, ni nani anabaki inje?

Sasa tuangalie fashi mawazo haya yalifanyiwa kazi kweli. Katika Ghuba ya Meksiko, upande wa Marekani, kuna samaki mwekundu anayetafutwa sana na mahoteli. Mwaka 2007 serikali iligawa haki ya kumvua kibiashara kwa sehemu sehemu: kila mwenye boti alipata asilimia yake kulingana na alichokuwa anavua miaka ya nyuma. Sehemu hizo zinaweza kuuzwa ao kukodishwa. Kuna wenye kuzimiliki ambao leo hawashuki majini. Wanazikodisha kwa wavuvi wengine na kula pesa. Biashara ilipewa asilimia 51 ya samaki wote wa kuvuliwa. Asilimia 49 ilibaki kwa wale wanaoloba kwa kujifurahisha: watu wa ndoano, wa siku ya Mungu na watoto wao.

Hao wa ndoano walisimama kupinga, na hoja yao iko na sehemu mbili. Ya kwanza: samaki wa baharini ni wa umma, na serikali imechukua kitu cha umma, ikakipa watu wachache bure, na sasa wanakiuza kama cha baba yao. Hoja hii ni nzito, na si Marekani tu inasikika. Sheria ya uvuvi ya Iceland ya 1990 inaanza kwa kusema samaki ni mali ya taifa lote, lakini haki zilikuwa zimekwisha kupewa wale waliokuwa na boti miaka ya mwanzo ya 1980. Wavuvi wawili walipeleka malalamiko mpaka kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2007 kamati iliwapa haki.

Sehemu ya pili ya hoja yao ndiyo dhaifu: "Sisi tuko na ndoano tu, hatuwezi kumaliza samaki." Ndoano moja, sawa. Lakini watu wa ndoano wakiwa wengi mno, hakuna anayejua wametoa samaki wangapi. Wavuvi wa biashara walihesabiwa na walikaa ndani ya kiwango chao. Wa kujifurahisha walikipita mara kwa mara. Mwaka 2014 korti moja ya Washington iliamua kwamba serikali haikufanya kazi yake ya kuwazuia. Mwaka 2017 walipewa siku 3 tu za kuvua katika maji ya serikali kuu, halafu kelele ikawa nyingi na siku zikaongezwa hadi 42. Walikuwa na haki juu ya swali la samaki ni wa nani. Juu ya swali la nani anawahesabu, hawakuwa na jibu.

Turudi nyumbani, tuanzie Ziwa Edward. Huko ziwa liko ndani ya Parke ya Virunga, na tangu wakati wa Wabelgiji haki ya kuvua ilifungwa: vijiji vitatu vinavyotambuliwa, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, na kooperative moja, leo inaitwa COPEVI, yenye kusimamia uvuvi. Kwa karatasi, hiyo ndiyo dawa ya mlango wenye kufungwa. Lakini samaki walipungua. Makundi yenye silaha yaliingia na kuuza ruhusa zao wenyewe, na mtumbwi wenye kulipa bunduki haukuhitaji tena karatasi ya kooperative. Viboko, ambao mavi yao yanalisha maji na hivyo samaki, walikuwa karibu 30,000 miaka ya 1970. Kufika 2005 walibaki chini ya 1,000. Njo maana nasema: kufunga mlango haitoshi. Kama sheria haina watu wenye kuikubali na kuilinda, mlango uliofungwa unakuwa tu kitu cha kuuza kwa mwenye nguvu.

Na hapa Goma? Hapa hakuna mtu aliyegawa samaki kwa asilimia. Sisi tunabinafsisha kwa njia ingine, ya kimyakimya: tunauza kijia. Tembea kutoka Himbi kuelekea Kyeshero ukitafuta maji, utatembea kando ya kuta na mageti. Ziwa unalisikia, haulioni. Mimi ni mlobaji wa siku ya Mungu, na vijia nilivyovijua nikiwa mwanafunzi vingine vimekuwa ukuta. Siku moja mlinzi wa parceli moja alitufukuza tukiwa watu watatu na ndoano zetu. Alisema ziwa liko na mwenyewe.

Kisheria, alidanganya. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Leta peke yake; mwenye parceli ana konsesyo, hana udongo. Na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka maji katika mali ya umma. Lakini haki ya kuloba bila kijia cha kufika majini ni sawa na kuwa na ufunguo wa nyumba isiyo na mlango. Hakuna aliyepitisha sheria ya kutunyima samaki. Ukuta umetosha.

Mtu atasema: hayo ni malalamiko ya vijana wenye kutafuta kujifurahisha, Goma iko na shida kubwa kuliko ndoano. Ni kweli shida ni kubwa, lakini kijia ni kilekile. Kijia cha mlobaji ndicho kijia cha mama mwenye bidon na cha kijana wa chukudu anayeuza maji mitaani. Mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na kuharibu mitambo ya maji, mashirika ya misaada yalikadiria kwamba watu karibu nusu milioni walikosa maji. Wengi walikimbilia ziwani. Siku kama hiyo, kila kijia kilichofungwa kinaongeza mstari wa bidon kwenye kijia kilichobaki.

Na samaki wenyewe, nani aliwaleta? Sambaza hakuwa wa Kivu. Alitolewa Tanganyika na kumwagwa humu kati ya 1958 na 1960, ili alishe watu wa pande zote za ziwa. Hakuna mwenye ukuta aliyelipa gharama ile. Tena ziwa letu lina kina cha mita 485, lakini oksijeni iko juu tu, kwenye mita karibu 60. Chini ni gesi. Kwa hiyo samaki wa ziwa hili kubwa wanaishi katika tabaka nyembamba, na maji mafupi ya kando ndiyo fashi tilapia wanataga na vitoto vinakulia. Mwenye kumwaga mawe majini ili apanue kiwanja anaua samaki. Mwenye kuvuta mustikeri kando anaua samaki. Hardin anatusaidia kumwona wa pili tu.

Hapa njo nampendelea Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Katika kitabu chake cha 1990 anaeleza wavuvi wa Alanya, Uturuki, karibu watu 100. Kila Septemba waliandika majina ya wavuvi wenye haki, wakaandika fashi zote za kuvua, halafu wakapiga kura ya bahati. Kila siku kila mvuvi alisogea fashi moja upande wa mashariki. Kuanzia Januari walisogea upande wa magharibi. Hivyo fashi nzuri ilimfikia kila mtu kwa zamu. Hakuna aliyeinunua. Mwenye kuiba zamu alionekana mara moja, juu mwenye zamu alikuwa pale macho wazi. Bahati nasibu ilikuwa kwenye orodha ya Hardin. Ostrom alikwenda kutafuta watu wenye kuifanya.

Kwa hiyo vijana wa ndoano wa Goma wako na haki ya kupinga kuta, lakini wasirudie udhaifu wa wale wa Ghuba ya Meksiko. Tukidai vijia vya umma vibaki wazi, tukubali na sisi kuandikwa, kuhesabiwa, kuacha kando fulani kipindi samaki wanataga, na kumkataza ndugu yetu mwenye mustikeri hata kama ni jirani. Kamati ya walobaji wa mtaa inaweza kuanza na daftari moja na kilo ya kupimia samaki. Sisi wenye tumesoma hesabu ya Gordon na Hardin tunaweza kuishika hiyo daftari. Si kazi ya kungojea mradi wa wazungu.

Na mtu akikuambia Hardin alikwisha maliza mjadala, muombe afungue zile kurasa 6 na akusomee orodha yote, mpaka kwenye kura ya bahati. Wenye kuona tofauti, hasa wale wa sheria na wa ekonomia, andikeni. Niko tayari kujibu.