Jitu Lilisema Nini Likiondoka?

Kuna jambo linaloudhi katika madarasa ya Kiswahili, kuanzia Tangini pale Kibaha hadi Kisarawe: hadithi fupi ikifungwa kwa onyo, inasifiwa kuwa ina funzo zito. Binti katoroka kijijini, kadanganywa Dar es Salaam, karudi hoi, kafa. Kisha mwandishi anajitokeza mwenyewe kukumbusha methali ya asiyesikia la mkuu. Wanafunzi wanainakili chini ya neno "ujumbe", na kazi imekwisha.

Hiyo ni kazi mbovu, na wanaoisifu wanawaharibu wasomaji.

Mjuzi huifunika aya ya mwisho kwa kiganja. Funzo likitoweka, hadithi haikuwa nalo. Funzo la kweli limekwishapita mapema, mara nyingi katika kauli ndogo ambayo msomaji mchanga huiruka akikimbilia mwisho.

Ichukuliwe "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, katika mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016 na kutahiniwa katika sekondari za Kenya. Jitu la mtu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, mtaa wa Madongoporomoka, linakifagia chakula chote. Wanagenzi huandika hapo: ulafi ni mbaya. Wamepitwa! Kiini kimo katika maneno ya jitu linapoondoka, kwamba litarudi, na safari hiyo litataka zaidi. Wateja wanayachukulia kama habari ya wali na nyama. Kisha mabuldoza yanaingia mtaani kubomoa, na ndipo inapojulikana tumbo lile lilikuwa likitamani nini: ardhi ya wanyonge. Said Ahmed haelezi. Ameliweka neno la kuaga mahali pake, akaliacha lifanye kazi, na aliyelisikia vizuri hatamsikiliza tena kwa uzembe mgeni anayeulizia viwanja.

Marehemu Ken Walibora naye alijua kupanga. Katika hadithi yake "Damu Nyeusi", Fikirini anadhalilishwa kwanza na Wazungu huko Marekani. Msomaji anachoka pamoja naye, anamwamini Fiona kwa sababu ni mweusi mwenzao, kisha wote wawili, msomaji na Fikirini, wanaporwa. Ugeuze mpangilio huo, hadithi inakufa.

Waandishi walaghai wana dalili zao. Gari linalotokea ghafla kumgonga mwovu ukurasa wa mwisho. Sungura na Fisi waliovalishwa suti wakaitwa wakurugenzi. Majina mengi. Sadfa moja inavumilika. Ya pili ni uvivu. Na hadithi fupi isianze kwa kuchomoza kwa jua.

Zamani masikio ya kunasa kauli ndogo yalifunzwa mapema. Debora Mwenda, katika kipindi cha "Mama na Mwana" cha Radio Tanzania Dar es Salaam, aliwafanya watoto wa nchi nzima wanyamaze wasikilize kila neno. Leo wanaanzia kwenye majibu ya mwongozo wa mtihani.

Kibaha haina kisingizio. Kituo chake cha elimu, kilichozaliwa kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki mwaka 1963 na kukabidhiwa serikali mwaka 1970, kilijengewa pia maktaba. Walimu wa Tangini na Kisarawe, lifuteni ubaoni neno "ujumbe" kwa muhula mmoja tu, na kila hadithi ianze kwa swali hili: nani alisema nini, na waliomsikia walidhani anazungumzia nini?