Masika kwa Asilimia: Utabiri Unavyotoka Ngong hadi Bwizibwera

Mawingu ya radi yanayopanda alasiri ya Aprili magharibi mwa Uganda yanaweza kufanya kazi tatu kwa siku moja. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yanashusha upepo unaong'oa mabati na kupasua maturubai. Bwizibwera, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Ibanda, yanamwaga mvua ambayo migomba imeingoja tangu kiangazi, na mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani ya migomba hiyohiyo. Juu ya kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, mita 5,109 kutoka usawa wa bahari, yanaacha theluji. Lakini msimu unaobeba mambo yote hayo humfikia mwananchi kwa sentensi moja tu: mvua itakuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini ya wastani. Uchambuzi huu unafuatilia sentensi hiyo inavyotengenezwa, maana mkulima anayejua ilikotoka ataitumia vizuri kuliko yule anayeambiwa aiamini tu.

Kazi inaanzia Ngong

Utabiri wa kanda hutolewa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichoko Ngong, karibu na Nairobi. Mizizi yake ni kituo cha kufuatilia ukame kilichoanzishwa 1989, na leo kinahudumia nchi 11, kuanzia Sudan hadi Tanzania. Mara tatu kwa mwaka wataalamu wa nchi hizo hukutana katika jukwaa linaloitwa GHACOF, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza 1998. Kikao cha mwanzo wa mwaka ndicho kinachotoa utabiri wa masika, yaani Machi hadi Mei.

Kwa miaka mingi kikao hicho kiliendeshwa kwa maafikiano. Kila nchi ilileta utabiri wake, wataalamu wakainamia ramani, wakajadiliana mpaka mistari ya mipakani ikakubaliana. Njia hiyo ilibeba ujuzi wa watu wanaoifahamu ardhi yao, ila ilikuwa na kasoro mbili. Anayeogopa kukosea husogeza jibu lake katikati, kwenye "mvua ya wastani". Pia, msimu ukienda kombo, hapakuwa na hatua zilizoandikwa ambazo mtu angezirudia ili aone kosa liliingilia wapi. Mwaka 2019 ICPAC ilianza kuhamia kwenye njia ya kihesabu, ambayo kila hatua yake inaweza kurudiwa na kukaguliwa.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza hukusanywa matokeo ya vituo vikubwa vya dunia, kikiwemo kile cha nchi za Ulaya, cha Uingereza na cha Marekani. Kila kituo huendesha programu yake ya anga na bahari mara nyingi, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kwa kuwa hakuna anayejua hali ya anga ya leo kwa ukamilifu. Pili, utabiri wa zamani wa kila programu hulinganishwa na mvua zilizonyesha kweli, ili ile yenye tabia ya kuzidisha mvua irekebishwe. Tatu, matokeo yote huunganishwa na kuhesabiwa: ni mangapi yameangukia upande wa mvua nyingi, mangapi katikati, mangapi upande wa ukavu.

Asilimia zinasema nini

Chukua masika 30 za sehemu moja, kuanzia 1991 hadi 2020. Zipange kuanzia kavu kuliko zote hadi yenye mvua kuliko zote, kisha zigawe mafungu matatu ya misimu 10. Mipaka ya mafungu hayo ndiyo inayoamua maana ya "juu", "wastani" na "chini". Mtu asiye na utabiri wowote anajua kwamba kila fungu lina nafasi ya takriban 33 katika 100. Kazi ya utabiri ni kuhamisha nafasi hizo.

Tuseme ramani imetoa 45 kwa mvua ya juu ya wastani, 35 kwa ya wastani na 20 kwa ya chini. Maana yake ni kwamba misimu 100 ya namna hiyo ikija, tunatarajia 20 kati yake iwe mikavu. Mkulima wa Bwizibwera akisikia hivyo halafu akapata msimu mkavu, hajadanganywa. Ameangukia ile 20 aliyotajiwa. Tatizo ni kwamba namba hizo zikitangazwa kwa haraka huanguka njiani, ikabaki "mvua itakuwa nyingi". Ahadi ambayo wataalamu hawakuitoa inafika kijijini ikiwa na jina lao, na baada ya misimu miwili mitatu watu wanaacha kusikiliza.

Kuna jambo la pili ambalo sentensi ile hailisemi. Namba za msimu ni jumla ya miezi mitatu. Jumla ileile inaweza kunyesha kwa siku nyingi za mvua tulivu inayolisha maharage, au kwa siku chache za dhoruba zinazobeba udongo wa juu hadi mtoni. Tena "wastani" wa Isingiro, wilaya iliyo katika ukanda mkavu wa wafugaji, si "wastani" wa miteremko ya Rwenzori. Anayepanga kulima akitegemea neno hilo peke yake anapanga kwa nusu ya habari.

Masika ni ngumu kutabiri kuliko vuli

Mvua za vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, zina uhusiano mzuri na El Niño na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Maji ya bahari hubadilika joto polepole, kwa hiyo dalili zake husomeka miezi kabla. Masika haina uhusiano wa nguvu kiasi hicho. Sehemu kubwa ya mvua zake inategemea mambo ya muda mfupi, hasa mzunguko ambao Roland Madden na Paul Julian waliueleza 1971: eneo kubwa la mawingu linalosafiri kuelekea mashariki katika ukanda wa ikweta na kurudi baada ya siku 30 hadi 60. Mzunguko huo huonekana wiki mbili au tatu kabla haujafika. Januari hauonekani.

Miaka ya karibuni imelionyesha hilo waziwazi. Masika ya 2018 ilikuwa miongoni mwa zenye mvua nyingi zaidi Kenya, na ukubwa wake haukusomeka mapema katika joto la bahari. Mzunguko ule ulikuwa na nguvu Machi, na vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa mashariki mwa Madagascar. Kimbunga kikikaa upande huo huvuta upepo wa magharibi, ambao huleta unyevu wa Kongo hadi maeneo ya Ziwa Victoria. Mwaka uliofuata kimbunga Idai kilikaa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji kabla ya kupiga Beira katikati ya Machi 2019. Unyevu ukavutwa kusini, na masika ya Afrika Mashariki ikachelewa.

Lakini pia ipo miaka ambayo utabiri wa mwanzo wa mwaka ulisimama imara. Kwa 2020 kanda iliambiwa itarajie mvua nyingi; mito ya Rwenzori ikafurika Kasese mwezi Mei, na Ziwa Victoria likapita kimo cha rekodi cha 1964. Utabiri wa 2024 vilevile uliashiria mvua nyingi, na Aprili ikaleta mafuriko Kenya, Tanzania na Burundi.

Kwa hiyo utabiri wa masika ni hatua ya kwanza, na lazima uhuishwe kadiri msimu unavyosonga. ICPAC na mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, hutoa taarifa za mwezi na za siku 10 baada ya utabiri wa msimu. Taarifa hizi ndogo, ambazo husomwa na wachache, ndizo zinazoweza kuona mzunguko wa mawingu na vimbunga vikija.

Upepo, mawe na theluji

Kuna kimo angani ambacho hapo joto hufika nyuzi sifuri. Katika ukanda wetu wa ikweta ni takriban mita 4,800, kikipanda na kushuka kidogo siku hadi siku. Namba hiyo moja inaeleza mengi. Margherita imekizidi kimo hicho kwa mita 300 hivi tu, ndiyo maana theluji huanguka kwenye vilele na mvua huanguka chini yake. Kimo hicho kikipanda kwa sababu ya ongezeko la joto duniani, mvua hunyesha juu ya barafu na kuiyeyusha. Barafu ya Rwenzori, ambayo msafara wa Duke wa Abruzzi uliikuta 1906 ikifunika zaidi ya kilomita za mraba 6, ilikuwa imebaki kama kilomita 1 ya mraba ilipopimwa 2003.

Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Punje ya barafu inayodondoka kutoka wingu la radi inapita mita 3,400 za hewa ya joto kabla ya kugusa ardhi. Mombasa ingepita karibu 4,800. Ndiyo maana mvua ya mawe ni balaa la nyanda za juu, kuanzia migomba ya Isingiro hadi chai ya Kericho.

Upepo nao una chanzo chake. Mvua inapopita kwenye hewa kavu iliyo chini ya wingu, sehemu yake hugeuka mvuke, na kugeuka huko huipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito. Huporomoka, ikigonga ardhi hutawanyika pande zote kwa kasi. Mwanzoni mwa msimu, wakati hewa ya chini bado ni kavu, wingu lenye mvua kidogo linaweza kuleta upepo mkali kuliko wingu la mwezi Mei lenye mvua tele. Mtu anayepima hatari kwa wingi wa mvua peke yake ataikosa hatari hii kabisa.

Wingu moja la radi lina upana wa kilomita chache, na maisha yake mara nyingi ni kama saa moja. Hakuna programu ya msimu inayoweza kulitaja, na hata utabiri wa kesho unaweza kutaja eneo, si kijiji. Kinachobaki ni kuangalia saa kwa saa. Setilaiti za Meteosat hupiga picha Afrika kila dakika 15 au chini ya hapo, na kilele cha wingu kinachopoa kwa kasi ni dalili kwamba linakua. Mradi wa HIGHWAY uliitumia mbinu hiyo katika Ziwa Victoria kati ya 2017 na 2021, ukiwaonya wavuvi kuhusu dhoruba.

Ila setilaiti inaona juu ya wingu, haioni ardhi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka kituo cha vipimo vya ardhini angalau kila kilomita 200, na cha vipimo vya anga ya juu kila kilomita 500. Afrika bado iko mbali na kiwango hicho. Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na vyuo vikuu vya Juba na Bergen vilishirikiana katika mradi wa WIMEA-ICT kubuni vituo vya bei nafuu vinavyojiendesha vyenyewe. Shule yenye kituo kama hicho Bwizibwera au Isingiro ingewapa watabiri kitu ambacho hesabu za mbali haziwezi kukibuni.

Maswali matatu ya Nakivale

Nakivale inawahifadhi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, wengi wao wakiishi kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa kwa turubai au bati. Wanalima mahindi na maharage kwenye viwanja vidogo. Wengine wanavua katika Ziwa Nakivale. Upepo ambao Mbarara mjini utavunja tawi la mti, hapa unaiacha familia bila paa.

Mtu wa hapa ana maswali matatu, na kila moja lina utabiri wake. Nipande mbegu gani mwaka huu? Utabiri wa msimu unasaidia, ukija na asilimia zake. Nipande wiki hii au ningoje? Jibu liko kwenye taarifa ya siku 10. Nitoe mtumbwi leo, niongeze mawe juu ya bati? Hilo linajibiwa na onyo la saa chache. Tukimjibu swali la tatu kwa utabiri wa msimu, tunamwacha peke yake mbele ya dhoruba.

Utabiri wa Uganda hutafsiriwa katika lugha kadhaa za nchi, na hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Nakivale inastahili kuzipata taarifa zote tatu kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali pia, zikisomwa redioni pamoja na asilimia zake, na kila mwisho wa msimu ielezwe hadharani utabiri ulipatia wapi na ulikosea wapi. Mkulima aliyeonyeshwa rekodi hiyo ataweza kupima mwenyewe ni kiasi gani cha mbegu akiweke rehani kwa neno la mtabiri. Hesabu za Ngong zimekuwa za wazi tangu 2019. Uwazi huohuo sasa ufike Bwizibwera na Nakivale, na ufike kabla ya jembe la kwanza la Machi.