Jina la Mkwawa: Asili Yake, Maana Yake na Uchache wa Wenye Nalo

Jina la Mkwawa lajulikana na kila mtoto wa shule katika Tanzania, walakini wenye kulichukua kuwa jina la ukoo ni wachache mno. Laandikwa juu ya malango ya shule, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichoanzishwa Iringa mwaka 2005 chaitwa kwalo. Lakini mwalimu aweza kuita majina darasani miaka mingi asimpate hata mwanafunzi mmoja wa kuliitikia. Nayo maelezo ya asili yake yamekaririwa mara nyingi pasipo kupimwa. Twapenda kuyapima hapa, kwa kuwa walimu na mapadre, ambao kazi yao ni kuandika majina ya watu kila siku, wana sababu kuliko wengine ya kujua jinsi jina linavyogeuka litokapo kinywani na kuingia daftarini.

Kwanza tuseme yaliyo dhahiri. Mtwa wa Wahehe, yaani mtawala wao, aliyeshika enzi baada ya kufariki baba yake Munyigumba mwaka 1879, aliitwa Mukwavinyika, maana yake mshindi wa nchi nyingi. Kwa ufupi watu walisema Mukwava. Hili halikuwa jina la ukoo, bali jina la sifa: lilimtaja mtu kwa matendo yake. Mlango wa watawala wenyewe ulijulikana kwa jina la Mwamuyinga. Basi mtu asemaye kwamba Mkwawa ni jina la kale la ukoo wa watawala wa Uhehe amekosea tangu neno la kwanza.

Kosa la pili latokana na neno nyika. Msomaji wa Kiswahili alionapo neno hili huwaza pori kavu lisilo na watu, naye hufasiri jina hili kuwa ni la mtu aliyeteka mapori. Lakini neno hili halina maana moja katika lugha zote za jamaa yetu. Kwa Washona wa Zimbabwe, nyika ni nchi yenye watu na utawala. Na katika jina la Mukwavinyika pia ni nchi, si pori. Tofauti hii si ndogo. Atekaye pori hana wa kumsifu wala wa kumlalamikia, bali atekaye nchi ameshinda watu. Tusipime basi neno la lugha moja kwa kamusi ya lugha nyingine, hata kama herufi zake ni zile zile.

Hatari ya tatu ni kufuata sauti peke yake. Msomaji aliyekutana na jina la Wakwavi katika vitabu vya Krapf huenda akashawishika kuunganisha kwavi hii na ile, akidhani jina lasimulia vita juu ya Wakwavi. Lakini maana ya jina yajitosheleza kwa Kihehe chenyewe: ni mwenye kutwaa, na kinachotwaliwa ni nchi. Kiswahili nacho chajua kuunda majina ya watendaji kwa irabu i mwishoni, kama mshindi atokaye katika kushinda. Neno likiwa na maana timamu nyumbani kwao, hakuna haja ya kulitafutia wazazi ugenini.

Sasa twafika kwenye maelezo yanayopendwa kuliko yote, nayo ni kwamba Wajerumani waliliharibu jina hili kwa kushindwa kulitamka. Sisi hatukubaliani nayo. Katika maandishi yao ya zamani twakuta Quawa. Herufi w kwa Mjerumani husomwa kama v yetu. Kwa hiyo aliyeandika Quawa aliandika sauti iliyo karibu sana na ile aliyoitamka Mhehe, isipokuwa aliacha kiambishi cha mwanzo. Sauti hiyo yageuka pale tu maandishi yanaposomwa na mtu aipaye w sauti ya Kiswahili.

Tena kuna njia ya pili, nayo ni Kiswahili chenyewe. Wahehe hujiita Vahehe, na jirani zao Vabena. Sisi twasema Wahehe na Wabena. Wao husema Muhehe na mutwa. Sisi twasema Mhehe na mtwa. Kwa kanuni hizi mbili, ya mu kuwa m na ya va kuwa wa, Mukwava lazima awe Mkwawa. Hili si jina lililovunjwa na ulimi mzito, bali ni jina lililopita kinywani mwa wakalimani, askari na wapagazi waliosema Kiswahili, nalo likafuata kanuni zile zile zilizofuatwa na jina la kabila zima. Twaona pia kwamba jina la baba yake bado laandikwa mara nyingi Munyigumba, kwa mu iliyo kamili, kwa sababu halikuzungushwa vinywani mwa wageni kama la mwanawe, ambaye baada ya vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891 alitajwa mpaka Berlin.

Hasara, basi, haikuletwa na herufi. Hasara ni kupotea kwa neno nyika. Mshindi amebaki, nchi alizozishinda zimeondolewa. Na asomaye Mkwawa leo hana la kumwonyesha kwamba jina hili lilikuwa sentensi.

Limekuwaje jina la ukoo? Mkwawa alimzaa Sapi, na Sapi akamzaa Adam. Kwa desturi ya kumtaja mtu kwa baba yake, yatosha kusema Adam Sapi. Lakini yeye, aliyekuwa Spika wa Bunge tangu 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994, ajulikana katika kumbukumbu kwa jina la Adam Sapi Mkwawa. Hivyo jina la babu limesimama mahali pa jina la ukoo, na sifa ya mtu mmoja imekuwa urithi wa wazao wake. Hapa ndipo ilipo sababu ya uchache wake. Sifa ile ilikuwa yake peke yake, haikuwa hata ya nduguye Mpangile, ambaye Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896 na kumnyonga mwaka uliofuata. Jina la kazi, la siku au la mahali laweza kuangukia watu elfu. Jina la namna hii lina shina moja.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lastahili kusumbukiwa hivi. Na ajibiwe na habari ya fuvu. Mkwawa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 asije akatekwa, na kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliamuru fuvu la Sultani Mkwawa lirudishwe. Haikufanyika hivyo mpaka Gavana Twining alipolitafuta katika makumbusho ya Bremen, penye mafuvu 2,000 hivi, na kulikabidhi kwa Adam Sapi huko Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Fuvu lilichaguliwa kwa vipimo, lakini halingalitafutwa kamwe kama jina lisingaliandikwa katika mkataba. Mengine yaliyokuwa rafuni pamoja nalo hayakuwa na jina la kuyadai.

Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza uchunguzi wao wa mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki. Moja liliandikwa neno Akida. Kwa neno hilo likatambuliwa kuwa la mshauri wa Mangi Meli wa Wachaga, na jamaa zake walio hai wakapatikana. Neno moja lililoandikwa juu ya mfupa lilifungua njia ya kurudi kwao.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu washikao daftari za shule na za ubatizo. Mtoto atajapo jina lake kwa lugha ya mama yake, lisikilizwe lote, wala lisikatwe kwa sababu mstari ni mfupi. Mzazi aulizwe maana yake, na maana hiyo iandikwe pembeni. Wala asilazimishwe kuchagua kati ya v na w kwa kufuata mazoea ya mwandishi. Na ziandikwe zote mbili, ile ya nyumbani na ile ya Kiswahili. Waliomwita mtu Mukwavinyika walijua walichosema; nasi twapaswa kuandika kwa namna ambayo wajukuu wao nao watajua.