Upya wa Chini ya Kiti

Katwe inajulikana Kampala nzima kwa mafundi wake: wachomeleaji, wafua bati, watengenezaji wa mageti na majiko. Katikati ya kelele zao wamo washona viti vya magari, na hao ndio ninaotaka kuwasifu. Riziki yao ya kila siku ni viti vya bodaboda na vya takisi: reksini nyeusi, sponji, mshono wa haraka, mteja amesimama pembeni anangoja. Mara moja moja huletwa gari la aina nyingine kabisa. Tuseme ni Volkswagen ya mgongo wa kobe ya miaka ya 1960, aliyoachiwa mtu na baba yake. Mwenyewe anataka imfikishe Masaka bila mgongo kumuuma, na papo hapo anataka akifungua mlango alione gari lile lile alilopakiwa akiwa mtoto. Matakwa hayo mawili yanagombana, na kuyapatanisha ni kazi ya fundi.

Fundi anayeijua kazi hiyo huanza kwa kufumua. Jalada la zamani halipasuliwi hata kama limeoza. Hulikata uzi baada ya uzi kwa wembe, kila kipande akakiandika namba kwa chaki, kisha akavitandaza vyote mezani viwe vipimo vya kukatia reksini mpya. Hupima kwa rula mishono mingapi iliingia katika inchi moja kule kiwandani, naye akairekebisha cherehani yake ifuate. Rangi hutafutwa kwa kugeuza pindo la ndani, pale ambapo jua halikuwahi kufika, kwa sababu rangi ya juu imekwisha kupauka na haiaminiki. Ukimwona mtu wa viti vya bodaboda akikaa kimya juu ya pindo la upana wa kidole, akilinganisha aina mbili za rangi ya maziwa, utajua ana macho ambayo soko halimlipi kuwa nayo.

Chini ya jalada la Volkswagen za enzi hizo kuna springi za chuma, na juu ya springi kuna tandiko la nyuzi zilizoshikamanishwa kwa mpira, mara nyingi usumba. Ndiyo, usumba wa makumbi ya nazi, ule ule ambao watu wa pwani wamesokotea kamba tangu zamani. Baada ya nusu karne hugeuka unga wa kahawia unaodondoka sakafuni kila mtu anapokaa. Hapo sponji ya kisasa inastahili kuingia. Lakini sponji ina hila yake: ikizidi unene, kiti huvimba, mifereji ya mshono hupotea, na dereva mrefu huanza kugusa dari. Kwa hiyo hukatwa kwa tabaka, ngumu chini na laini juu, mpaka kiti kirudi kwenye kimo chake cha kwanza. Anayekaa apate raha; anayetazama asione kilichobadilika.

Kuna jambo jingine chini ya kiti cha nyuma, nalo ni zito zaidi. Betri ya gari hili imewekwa pale, upande wa kulia. Akikaa mtu wa kilo nyingi, springi zilizochoka hushuka, na zikigusa vichwa vya betri hutoa cheche. Usumba mkavu hauhitaji zaidi ya hapo. Magari yameungua kwa njia hiyo. Fundi mwaminifu huifunika betri kwa kifuniko imara kisichopitisha umeme, akaibana, kisha akarudisha kiti juu yake. Hakuna atakayekiona kifuniko hicho wala kukisifu. Mimi hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii kuliko hata kwenye mshono.

Mikanda nayo ni hivyo. Mengi ya magari haya yalitoka bila mikanda, na kufunga mkanda kwenye bati jembamba ni kujidanganya. Sehemu isiyo na kishikizo imara huongezwa bamba la chuma kwa ndani. Mchomeleaji ni jirani, hatua chache tu. Redio ina mgogoro wake, maana Volkswagen za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi hutumia umeme wa volti 6, na redio ya leo inataka 12. Mfumo ukishabadilishwa, kipaza sauti kinaweza kukaa chini ya kiti, na uso wa redio ya zamani ukabaki mahali pake kwenye dashibodi ya bati.

Kinachoniuma ni mtindo wa kushona ngozi nyekundu ya almasi-almasi na kubandika skrini kubwa mbele ya dereva. Gari hupendeza wiki moja, na baadaye linafanana na kila gari lililopita karakana hiyo.

Magari haya yalijipatia heshima kwetu. Dereva Tommy Fjastad alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya mwaka 1962 kwa Volkswagen, gari ambalo watu walipeleka nalo watoto shule. Miaka kumi baadaye Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yao mengi yalifungwa, na miaka ya magendo ikafuata. Kipuri kisichopatikana dukani ilibidi kitengenezwe, na mikono ya Katwe ikakomaa kwa uhaba huo.

Uzi pia usisahaulike. Wa pamba huozeshwa na unyevu wa masika na jua la karibu na ikweta. Wa poliesta hudumu. Uchaguliwe wa poliesta usiong'aa, kwani uzi unaong'aa husaliti kazi yote.

Mwisho huja ubishi wa bei. Mwenye gari anaona viti vilivyoshonwa, anavilinganisha na vya takisi, anataka punguzo. Haoni siku zilizoliwa na wembe. Muda huo fundi angeshona viti vya bodaboda rundo zima na kulipwa jioni ile ile. Alipwe kwa kufumua pia, na kwa kifuniko cha betri.