Angkor: hekalu na watu walio kando yake

Kwetu hapa mutu akisikia "urithi wa dunia" anafikiri mara moja pori na gorila. Haki yake, kwa sababu mahali patano pa Congo palipo mu orodha ya Unesco, kuanzia Virunga mpaka Salonga, ni mbuga za wanyama tu. Lakini orodha ile ile iko na mahekalu, na kando ya mahekalu kuna watu. Tumechagua kusema juu ya moja, Angkor ya Kamboja. Ni mbali sana na sisi, lakini wasomaji wataona wenyewe kwa nini habari ile inatugusa.

Angkor Wat ilijengwa mu nusu ya kwanza ya karne ya 12, wakati wa mfalme Suryavarman wa 2, kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Wahindu. Baadaye watu wakafuata mafundisho ya Buddha, na hekalu likageuka lao. Wafalme walihama, mji mukubwa ukaisha, msitu ukarudi, lakini watawa hawakuacha kusali pale. Mwaka 1860 Mfaransa Henri Mouhot alifika, na baada yake vitabu vingi vikaandika kwamba yeye ndiye "aliyegundua" Angkor. Aligundua nini pale ambapo watawa walikuwa na nyumba zao? Habari ya namna hii tunaijua vizuri. Hata mto wetu unahesabiwa kwamba uligunduliwa.

Mwaka 1907 Siam ilirudisha eneo lile kwa Kamboja, iliyokuwa chini ya Ufaransa. Mwaka 1908 wataalamu wa Kifaransa wakaweka ofisi ya kutunza Angkor. Walifanya kazi kubwa, hatuwezi kukana: walisafisha, walisimamisha kuta zilizoanguka, waliandika kila jiwe. Lakini ni wao pia walioondoa makao ya watawa yaliyokuwa mbele ya hekalu, ili uso wake uonekane wazi. Ukiangalia picha nzuri zinazouzwa leo, ule uwanja mweupe mbele ya minara, ujue palikuwa na watu. Hapo ndipo mawazo ya mtalii yalizaliwa, mbele hata mtalii mwenyewe hajafika: hekalu zuri ni hekalu tupu. Na kwenye Ta Prohm waliacha miti mikubwa ikumbatie kuta, makusudi, ili mgeni asikie kama ni yeye wa kwanza kufika. Mwaka 2000 Waamerika walipigia pale sinema ya Tomb Raider, na tangu wakati ule watu wanapanga mstari ili wapigwe picha mbele ya muti.

Baada ya vita na mauaji ya Khmer Rouge ya 1975 mpaka 1979, inchi ilibaki maskini kabisa. Kwa hiyo tusihukumu haraka wale waliofurahi mwaka 1992 Angkor ilipoingia mu orodha ya urithi wa dunia. Feza ilikuja. Barabara zilikuja, mahoteli yakaota Siem Reap kama uyoga, vijana wengi wakapata kazi ya kuongoza wageni, ya kulinda, ya kufagia. Wageni kutoka inje walipita milioni 2 kwa mwaka mbele ya Covid. Tiketi ya siku moja ilipanda mwaka 2017 kutoka dola 20 mpaka dola 37, na dola 2 kati ya hizo zinakwenda kwa hospitali za watoto. Mukamboja yeye anaingia bure. Hiyo ni heshima, na inafaa kusemwa. Tuongeze tu kwamba kwa miaka mingi, kuanzia 1999 mpaka 2015, kuuza tiketi za urithi ule kulikuwa mikononi mwa kampuni ya mutu binafsi, Sokimex, mbele Leta kujitwalia kazi ile.

Sasa wenyeji. Hifadhi ya Angkor ni karibu kilomita za mraba 400, na ndani yake kuna vijiji: 112 vinavyotambuliwa kuwa vya asili. Watu wale wanalima mpunga, wanavua samaki, walikuwa wanatoa utomvu wa miti mikubwa kwa kuwasha mienge na kuziba mitumbwi. Na wako na mizimu yao, neak ta, kila kijiji na wake. Ndani ya mulango wa magharibi wa Angkor Wat kuna sanamu ya Vishnu ya mikono minane. Wageni wanaiona kazi ya sanaa, lakini wenyeji wanaiita Ta Reach na wanamwekea ubani na matunda, kama vile mtu anavyomsalimia muzee wa ukoo. Kwao mawe yako na mwenyewe anayeishi ndani. Ukimwambia mutu wa namna ile kwamba yeye ni "tatizo la uhifadhi", unamwambia nini hasa?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1994 eneo likagawanywa kwa kanda, mwaka 1995 ikaundwa mamlaka inayoitwa APSARA, na makatazo yakaja moja moja: kukata miti, kutoa utomvu, kujenga nyumba mupya. Mwaka 2022 Leta ikaanza kuhamisha familia karibu 10.000, wengi wao kupelekwa Run Ta Ek, zaidi ya kilomita 20 kutoka hekalu. Kila familia ilipewa parsela ya metre 20 kwa 30, mabati (manjanja, kama tunavyosema) ya kuezeka, chandarua, na feza kidogo. Viongozi walisema kwamba watu wanahama kwa hiari, na kwamba wanaohama ni wageni waliojenga bila haki, si watu wa vile vijiji 112. Amnesty International ilichunguza na mu Novemba 2023 ikatangaza kwamba wengi walisukumwa kwa vitisho.

Sisi tunasimama kidogo kwenye neno lile "hiari", lakini zaidi kwenye neno "asili". Kama ujenzi mupya unakatazwa, na mtoto wa kijiji akioa, atalala wapi? Akijenga kibanda pembeni ya mashamba ya baba yake, kwa karatasi yeye ni mvamizi. Kijiji cha asili kinabaki cha asili kwa sharti kwamba kisizae. Na yule mama aliyekuwa anauza mie na maji ya nazi kwa watalii, ndiye aliyefuata soko ambalo urithi wenyewe ulileta. Mahoteli yanayovuta maji mengi ya chini ya ardhi, mpaka wataalamu wakaogopa kwamba udongo chini ya mahekalu utalegea, hayakupakiwa mu kamio na kupelekwa Run Ta Ek.

Wasomaji wa Bukavu wanajua tunapofika. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, ikaingia mu orodha mwaka 1980. Batwa waliokuwa mu msitu ule walitolewa bila parsela wala manjanja. Ilingojea mwaka 2024 ili uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu utangazwe, ukisema kwamba haki zao zilivunjwa. Hatusemi kwamba gorila asilindwe, wala kwamba Angkor iachiwe miti na wezi wa sanamu. Tunauliza tu: mu mikutano ile ya kupanga, nani alikuwa amekaa kwa niaba ya Ta Reach?

Watawa bado wako. Nyumba mbili za watawa zimebaki ndani ya ukuta wa Angkor Wat, kaskazini na kusini. Mgeni anaweza kupiga magoti, akafungwa uzi mwekundu mukononi, akabarikiwa na akaacha dola kwa sahani. Wengine wanasema ni biashara. Kwa sisi, ile sahani haichukizi. Watawa wameishi kwa sadaka tangu zamani. Kinachosumbua ni wale waumini wa kwanza, waliokuwa wanaleta wali asubuhi kwa miguu, na ambao leo wako mbali kilomita 20 na zaidi.